Rimu Kubwa, Hewa Kidogo: Historia ya Magurudumu ya Gari Dogo

Toyota Corolla ya kwanza, iliyoanza kuuzwa nchini Japani mwaka 1966, ilitembea juu ya rimu za inchi 12, na Volkswagen Golf ya mwaka 1974 ilifungwa rimu za inchi 13, vipimo ambavyo leo ni nadra kuonekana katika gari jipya la familia. Corolla za sasa hutoka kiwandani zikiwa na rimu zinazofika inchi 18, na gari la umeme la ID.3, ambalo Volkswagen ililikusudia kwa mnunuzi wa aina ileile ya Golf, lilianza kuuzwa mwaka 2020 likiwa na rimu ambazo ndogo kabisa ni za inchi 18 na kubwa ni za inchi 20. Ongezeko hili halikuletwa na sababu moja, na kabla yake kulikuwa na kipindi kirefu ambamo magurudumu yalikuwa yakipungua badala ya kukua. Kwa hiyo anayetaka kuelewa mambo yalivyo sasa hana budi kuuliza kwanza kwa nini magurudumu ya gari yaliwahi kuwa makubwa sana, kisha yakawa madogo, ndipo yakaanza kupanda tena.

Ni lazima pia vitu viwili vitenganishwe. Rimu ni duara la chuma au aloi linalofungwa kwa nati, na tairi ni mpira unaovikwa juu ya rimu hiyo na kujazwa upepo. Vyote viwili kwa pamoja ndivyo gurudumu. Maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi, kwa mfano 205/55 R16, yanaeleza uhusiano wa vitu hivyo: 205 ni upana wa tairi kwa milimita, 55 ni kimo cha ubavu wa tairi kikihesabiwa kama asilimia ya upana huo, herufi R inaonyesha namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Mwenye kalamu na karatasi anaweza kukokotoa mengine mwenyewe. Tairi la 175/70 R13, lililofungwa katika Golf GTI ya miaka ya 1970, lina ubavu wa takriban milimita 122 na kipenyo kizima cha milimita 575, ilhali tairi la 225/40 R18, ambalo Golf za hali ya juu za karne hii hulivaa, lina ubavu wa milimita 90 tu na kipenyo kizima cha milimita 637. Rimu imeongezeka kwa milimita 127, lakini gurudumu zima limeongezeka kwa milimita 62, na tofauti yote iliyobaki imechukuliwa kutoka katika nafasi iliyokuwa ya hewa. Kinachoonekana kwa macho kuwa ni kukua kwa tairi ni, kwa sehemu kubwa, kukua kwa chuma na kusinyaa kwa mto wa hewa, na mto huo ndio uliokuwa sababu ya tairi kubuniwa.

Wazo la kutembea juu ya hewa lilisajiliwa mara mbili. Mskoti Robert William Thomson alipata hataza yake mwaka 1845 kwa ajili ya magari ya kukokotwa na farasi, lakini mpira wa wakati ule ulikuwa ghali na uvumbuzi wake ukasahaulika, hadi John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alipoubuni upya kwa ajili ya baiskeli ya mtoto wake ya magurudumu matatu na kuusajili mwaka 1888. Ndugu wawili wa Ufaransa, André na Édouard Michelin, waliingiza gari lenye matairi ya upepo katika mashindano ya Paris hadi Bordeaux na kurudi mwaka 1895, wakapata pancha nyingi njiani, lakini wakathibitisha kwamba gari zito la mota linaweza kubebwa na hewa. Kuanzia hapo mahitaji ya mpira yalipanda kwa kasi, kwanza kwa sababu ya baiskeli na baadaye kwa sababu ya magari.

Mahitaji hayo yaliifikia Afrika kabla Afrika yenyewe haijaliona gari. Katika Dola Huru ya Kongo, ambayo Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliimiliki kama mali yake binafsi tangu mwaka 1885, wanavijiji walilazimishwa kuingia msituni kugema utomvu wa mimea itambaayo, na askari wa Force Publique, jeshi la dola hiyo, waliwashika wake zao mateka, wakachoma vijiji na kukata watu mikono pale kiasi kilichodaiwa kilipopungua. Ripoti ya balozi mdogo wa Uingereza, Roger Casement, iliyotolewa mwaka 1904, ilisaidia kuuamsha ulimwengu hata Leopold akalazimika kuikabidhi nchi hiyo kwa serikali ya Ubelgiji mwaka 1908. Katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, mpira wa mwitu unaotokana na mitoria ulinunuliwa na wafanyabiashara na kusafirishwa kupitia bandari za pwani, na walowezi wakapanda mashamba ya mpira nyuma ya Tanga, mashamba ambayo mengi yalikufa pale bei ya dunia ilipoporomoka mwaka 1913 kwa kushindwa kushindana na mpira wa Malaya na nchi za jirani zake. Sehemu hii haifai kupitwa kwa haraka, kwani vitabu vingi vya historia ya gari humtaja Dunlop na kuruka moja kwa moja hadi Detroit, kana kwamba mpira uliota ndani ya kiwanda.

Magari ya kwanza yalirithi umbo la magurudumu ya mikokoteni, yaani marefu na membamba, na urithi huo ulikuwa na maana. Gurudumu la kipenyo kikubwa hupita juu ya shimo au jiwe kwa pembe ya kulala, ilhali gurudumu dogo hutumbukia na kugonga ukingo, na katika Marekani ya mwanzoni mwa karne ya 20 barabara nyingi za nje ya miji zilikuwa za udongo, zenye makorongo yaliyochimbwa na mikokoteni na matope yaliyofika kwenye ekseli. Ford Model T, iliyotolewa mwaka 1908, ilivaa matairi ya nyuma yenye kipenyo cha inchi 30, sawa na milimita 762, na upana wa inchi tatu na nusu tu, na tairi jembamba la namna hiyo lilihitaji kujazwa upepo mwingi, zaidi ya paundi 50 kwa inchi ya mraba, ili lisilale chini ya uzito. Hewa ilikuwemo, lakini ilikuwa kidogo na ngumu, na abiria aliyahisi mawe yote ya njiani.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1923, pale Firestone huko Marekani na Michelin huko Ufaransa zilipotoa matairi ya aina mpya yaliyoitwa ya puto, yaani matairi manene yenye kuta laini ambayo yaliweza kubeba mzigo uleule kwa upepo wa kiasi cha nusu ya ule wa zamani. Kanuni iliyo nyuma yake inafaa kushikwa vizuri, maana ndiyo inayorudi katika kila hatua ya historia hii: mzigo wa gari hubebwa na hewa iliyofungiwa ndani ya tairi, na mpira wenyewe ni mfuko tu wa kuishika hewa hiyo, kwa hiyo mfuko mkubwa unaweza kubeba kwa upepo mdogo na mfuko mdogo unadai upepo mwingi. Baada ya tairi kunenepa, rimu ilipaswa kupungua ili gari lisinyanyuke kupita kiasi, na mfululizo wa magari ya Ford unaonyesha mwendo huo kwa uwazi kuliko maelezo yoyote: Model T za mwisho zilikuwa na rimu za inchi 21, Model A ya mwaka 1928 ilianza na inchi 21 na kushuka hadi 19 mwaka 1930, gari la V8 la mwaka 1932 likawa na inchi 18, la mwaka 1933 likawa na 17, na la mwaka 1935 likafika 16. Ufikapo mwaka 1957, magari mengi ya Marekani, yakiwemo yaliyokaribia uzito wa tani mbili, yalikuwa yakivaa rimu za inchi 14.

Barabara ndizo zilizoruhusu upungufu huo. Serikali ya Marekani ilianza kutoa fedha za ujenzi wa barabara kwa sheria ya mwaka 1916, na mwaka 1956 ikapitisha sheria ya mtandao wa barabara kuu za kuunganisha majimbo, na juu ya lami laini gurudumu refu halikuwa na kazi kubwa ya kufanya. Wabunifu wa umbo la gari nao walikuwa na haja zao. Harley Earl, aliyeongoza idara ya ubunifu ya General Motors tangu mwaka 1927, aliamini kwamba gari lililo refu na lililoinama chini ndilo linalovutia macho, na katika gari la namna hiyo gurudumu lilikuwa kitu cha kufichwa nyuma ya bati la pembeni, si kitu cha kuonyeshwa. Hilo lafaa kukumbukwa na kila anayedhani kwamba jicho la mwanadamu hupenda rimu kubwa kwa asili, kwa kuwa kizazi kizima cha wanunuzi kiliona uzuri katika gari ambalo magurudumu yake yalikuwa hayaonekani vizuri.

Kilele cha upungufu kilifikiwa Uingereza. Mgogoro wa Suez wa mwaka 1956 ulisababisha mgao wa petroli, na mhandisi Alec Issigonis akapewa kazi ya kubuni gari dogo ambalo lingebeba watu wanne kwa mafuta machache. Gari hilo, Mini, lilizinduliwa mwezi Agosti 1959 likiwa na urefu wa mita 3.05 tu, na karibu kila kitu ndani yake kilitolewa sadaka kwa ajili ya nafasi ya abiria: injini iliwekwa kwa kukingama, gia zikawekwa chini yake zikitumia oili ileile, na badala ya springi za chuma zikatumika koni za mpira zilizobuniwa na Alex Moulton. Gurudumu lilikuwa adui wa nafasi, kwa sababu kila gurudumu linahitaji uvungu wa kuzungukia na kupandia, na uvungu huo huingia ndani ya gari na kula sehemu ya miguu na ya kiti. Issigonis akachagua rimu za inchi 10, na kampuni ya Dunlop ikalazimika kutengeneza tairi maalumu la kuzivisha.

Adhabu ya uamuzi huo ilijitokeza kwenye breki. Breki za wakati ule zilikuwa za ngoma, yaani bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu huku viatu vya breki vikisukumwa kutoka ndani kulikaba, na bakuli linaloingia ndani ya rimu ya inchi 10 haliwezi kuwa na kipenyo kinachozidi inchi saba au zaidi kidogo. Mini ilipoanza kuongezwa nguvu ya injini, breki hizo hazikutosha, na Mini Cooper ya mwaka 1961 ikapewa diski za mbele zenye kipenyo cha inchi saba, vidude vidogo mno kwa gari lililokuja kushinda mbio za Monte Carlo miaka ya 1964, 1965 na 1967. Ndipo ukaanza mwendo wa kurudi juu. Mini za kawaida zilipewa rimu za inchi 12 mwaka 1984 ili diski kubwa zaidi, za inchi 8.4, zipate pa kukaa. Kufikia mwaka 1996 gari lilelile lilikuwa likipatikana na rimu za inchi 13. Na BMW ilipotoa MINI mpya mwaka 2001, rimu ndogo kabisa ilikuwa ya inchi 15, katika gari lililozidi kilo 1,000 ilhali la mwaka 1959 lilikuwa na takriban kilo 600. Katika gari hilo moja yamo karibu mambo yote ya historia hii.

Wakati Ulaya ikishusha rimu, barabara za Afrika Mashariki zilikuwa zikitoa ushahidi wa upande wa pili. Mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953 kwa kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, zilikuwa mtihani wa vumbi la mfinyanzi mwekundu, tope la masika na mito isiyo na madaraja, na magari yaliyozitawala katika miaka ya mwanzo, Volkswagen ya kobe na baadaye Peugeot 404 iliyoshinda mwaka 1963 na kuanzia 1966 hadi 1968, yote yalikuwa na rimu za inchi 15 na matairi yenye ubavu mrefu. Ushindi wao haukuletwa na magurudumu peke yake, lakini kupita nyika ya Taru au miteremko ya Usambara kwa rimu za inchi 10 ilikuwa kazi ngumu zaidi.

Nguvu ya kwanza iliyosukuma rimu juu tena, basi, ilikuwa breki. Jaguar ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1953 kwa gari la C-Type lenye breki za diski zilizotengenezwa na Dunlop, likiwa na mwendo wa wastani uliozidi kilomita 160 kwa saa, na miaka miwili baadaye Citroën DS ikazileta breki hizo kwa mnunuzi wa kawaida. Diski ni sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, na kalipa ni kishikio kinachoibana sahani hiyo pande zote mbili. Vyote viwili hukaa ndani ya rimu, na kalipa hukaa kwenye ukingo wa nje wa sahani, mahali panapoongeza kipenyo zaidi. Nishati ya gari liendalo kasi haiongezeki kwa uwiano sawa na mwendo, bali mwendo ukizidishwa mara mbili nishati huzidi mara nne, na nishati hiyo yote lazima igeuzwe kuwa joto ndani ya diski kabla gari halijasimama. Gari zito na la kasi linahitaji diski pana, diski pana inahitaji rimu pana, na hapo hakuna suala la urembo: ni hesabu ya joto.

Nguvu ya pili ilitoka ndani ya tairi lenyewe. Matairi ya zamani yalifumwa kwa nyuzi za mshazari, tabaka juu ya tabaka, zikipishana kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, na mfumo huo uliunganisha ubavu na kashata, yaani sehemu yenye michoro inayogusa barabara, kiasi kwamba ubavu ukipinda kwenye kona kashata nayo hujikunja na kuachia lami. Michelin ilisajili mwaka 1946, na kuanza kuuza mwaka 1949 kwa jina la X, tairi ambalo nyuzi zake zilivuka moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo kama miali ya jua, na juu yake, chini ya kashata, ikapitishwa mikanda ya waya wa chuma. Tairi hilo la radiali, ambalo ndilo linaloonyeshwa na herufi R katika maandishi ya ubavuni, lilitenganisha kazi mbili zilizokuwa zimefungamana: ubavu ukaachiwa upinde, kashata ikabaki tambarare juu ya barabara. Marekani ilichelewa kulikubali hadi miaka ya 1970, lakini Ulaya ililipokea mapema, na wahandisi wakagundua kwamba kashata iliyoimarishwa kwa waya inaweza kupanuliwa, na ubavu kufupishwa, bila tairi kupoteza umbo.

Iliyolifikisha jambo hilo mbali ilikuwa kampuni ya Pirelli ya Italia, iliyotengeneza tairi la P7 katikati ya miaka ya 1970, kwanza kwa ajili ya gari la mbio la Lancia Stratos na baadaye kwa Porsche 911 Turbo, likiwa na ubavu wa asilimia 50 tu ya upana wake, kwa wakati ambapo magari mengi ya kawaida yalikuwa bado na asilimia 80. Lamborghini Countach LP400 S ya mwaka 1978 ilivaa nyuma P7 za 345/35 R15, upana ambao haukuwahi kuonekana katika gari la barabarani kabla yake. Ubavu mfupi ulikuwa na manufaa ya kweli: usukani ukigeuzwa, tairi lenye ubavu mrefu huanza kwa kuyumba kabla halijaitikia, na lenye ubavu mfupi huitikia papo hapo. Lakini ubavu ukifupishwa bila kuongeza rimu, gurudumu zima huwa dogo, gari huinama, na kipimo cha mwendo husoma vibaya. Kwa hiyo kila asilimia iliyopunguzwa kwenye ubavu ilipaswa kulipwa kwa inchi za rimu, na tangu hapo vitu hivyo viwili vikafuatana.

Uzito uliendelea kuongezeka kwa sababu ambazo nyingi zilikuwa njema. Nguzo imara za milango, mifuko ya hewa ya usalama na viti vilivyoimarishwa viliokoa maisha, na mpango wa Euro NCAP, ulioanza mwaka 1997 kuyagongesha magari na kutangaza matokeo kwa umma, uliwafanya watengenezaji washindane katika jambo linalostahili kushindaniwa. Kila kilo iliyoongezwa ilipaswa kubebwa na hewa ileile ya ndani ya tairi. Namba ya mzigo iliyo ubavuni, inayofuata baada ya kipimo cha rimu, inaliweka wazi jambo hilo: tairi la 175/70 R13 lenye namba 82 linaruhusiwa kubeba kilo 475, na la 205/55 R16 lenye namba 91 linaruhusiwa kilo 615.

Sheria za kuwalinda waenda kwa miguu, zilizoanza kutumika Umoja wa Ulaya mwaka 2005, ziliwasukuma watengenezaji kuiweka boneti mbali na injini, ili kichwa cha mtu aliyegongwa kisikutane na chuma kigumu kilicho chini ya bati. Boneti ikapanda, mstari wa madirisha ukapanda nayo, na ubavu wa gari ukawa ukuta mrefu wa bati. Katika ukuta huo rimu ya inchi 14 huonekana kama kitu kilichoazimwa kutoka gari jingine, na wabunifu, ambao kwa desturi huchora magari yao ya kwanza wakiyapa magurudumu makubwa kuliko yatakavyokuwa, walipata sababu ya kuikaribia michoro yao. Magari yaliyonyanyuka ya aina ya SUV, yaliyoenea kote duniani tangu miaka ya 1990, yalilikuza jambo hilo zaidi. Tairi la 275/50 R20, ambalo magari makubwa ya aina hiyo huvaa, lina kipenyo cha milimita 783, kwa hiyo limelipita lile la Model T.

Kufikia hapo haja ya kiufundi ilikuwa imekwisha kutimizwa katika magari mengi, na kilichoendelea kuisukuma rimu ni macho na fedha. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika miji ya Marekani, rimu za inchi 20 na zaidi, zilizong'arishwa kwa kromu, zilikuwa alama ya mafanikio katika utamaduni wa muziki wa rap, na kile kilichoanza kwa vijana walionunua rimu madukani baada ya kununua gari kikachukuliwa na watengenezaji wenyewe, ambao waliona kwamba rimu kubwa ni kitu kisicho na gharama kubwa kutengeneza, kinachoonekana mara moja, na ambacho mnunuzi yuko tayari kukilipia bei iliyo juu sana. Toleo la bei ya chini likapewa rimu ndogo kwa makusudi ili lionekane duni, na la juu likapewa kubwa. Hili ndilo eneo ambalo wanunuzi hawakutendewa haki, kwa sababu waliambiwa kuhusu umaridadi na hawakuambiwa kuhusu gharama: rimu kubwa kwa kawaida ni nzito zaidi, uzito wake uko chini ya springi ambako unaongeza mtikisiko, tairi lake lina bei ya juu, na ubavu mfupi ukitua ndani ya shimo hubanwa kati ya lami na chuma hadi nyuzi zikatike na kutoa uvimbe, au rimu yenyewe kupinda au kupasuka.

Viwanda vya Afrika Mashariki vilikuwa vimejengwa katika ulimwengu wa vipimo vichache. General Tyre ya Arusha na Firestone ya Nairobi, ambayo baadaye ilikuja kuwa Sameer na kutoa matairi ya Yana, zote zilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati magari mengi ya eneo hili yaligawana vipimo vinavyohesabika. Kila kipimo kipya cha tairi kinadai kalibu yake ya chuma, na soko dogo likigawanyika katika makumi ya vipimo, kalibu hailipi. Ushindani wa matairi ya bei nafuu kutoka nje ndio uliotajwa zaidi pale kiwanda cha Arusha kiliposimama katika muongo wa kwanza wa karne hii na cha Nairobi kilipoacha kuzalisha mwaka 2016, lakini wingi wa vipimo ni mzigo ambao mwagizaji anayenunua kutoka viwanda vya Asia haubebi, na mwenye kiwanda kidogo anaubeba peke yake.

Gari la umeme limeileta hoja ya nishati mezani. Betri iliyolala chini ya sakafu hulinyanyua gari na kuliongezea mamia ya kilo, na mwaka 2021 Pirelli ilitoa aina mpya ya matairi yenye alama HL, yaliyokusudiwa kubeba mzigo ambao hata matairi yaliyoimarishwa ya awali hayakuuruhusu. Wakati huohuo gharama ya rimu kubwa imeanza kuonekana kwa namba ambazo mnunuzi hawezi kuzipuuza, kwani katika vipimo rasmi vya Marekani Tesla Model S Plaid ya mwaka 2022 ilipewa masafa ya takriban kilomita 637 ikiwa na rimu za inchi 19, na kilomita 560 ikiwa na rimu za inchi 21, gari lilelile na betri ileile. BMW ilikuwa imekwisha kujaribu njia nyingine mwaka 2013 katika gari la i3, lililovaa matairi ya 155/70 R19 yaliyotengenezwa na Bridgestone, marefu na membamba ili yapunguze upinzani wa hewa ya mbele na nguvu inayopotea katika kuviringika, huku yakibakiza ubavu wa milimita 108, na Renault ikafuata mwaka 2016 kwa kuipa Scénic matairi ya 195/55 R20. Kanuni za Umoja wa Ulaya za Euro 7 zilizopitishwa mwaka 2024 zimeongeza kwa mara ya kwanza kikomo cha vumbi la mpira linalomomonyoka kutoka kwenye kashata, jambo linalougusa uzito wa gari moja kwa moja.

Magari yaliyobuniwa kwa lami ya Ulaya na Japani huendelea kufika Mombasa na Dar es Salaam yakiwa yametumika, na sheria ya Kenya isiyoruhusu gari lililozidi miaka minane hufanya rimu za inchi 17 na 18 ziletwe kwa wingi zaidi kadiri miaka inavyopita. Kampuni za utalii na mashirika ya misaada yamebaki na Land Cruiser za mfululizo wa 70 na matairi yao ya 7.50 R16, ambayo ubavu wake unakaribia milimita 200, zaidi ya mara mbili ya ule wa tairi la 225/40. Mwenye gari dogo hana uhuru huo, lakini mafundi wa matairi wa Gerezani, Dar es Salaam, na wa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, wanaijua njia ya kati: rimu ya inchi 18 huondolewa na kuwekwa ya inchi 16 yenye tairi la 205/55, ambalo kipenyo chake kizima cha milimita 632 kinatofautiana na cha awali kwa milimita tano tu, hata kipimo cha mwendo kisipotoke, na ubavu hurudishiwa karibu milimita 23 za hewa, mradi namba ya mzigo inatosha na fundi amelizungusha gurudumu kwa mkono kabla ya kukaza nati, akahakikisha kwamba kalipa ya breki haigusi rimu.